Siku Kijivu Alipoacha Kulia

Kompyuta yangu hulia ninapochomoa waya wa umeme. Ni mlio mmoja tu, "ti", mfupi na mkavu. Kijana anayeshughulikia mashine za ofisini kwetu amekwisha kunijia zaidi ya mara moja akitaka kuuzima, kwa sababu wenzangu wanalalamika. Nimemwambia auache. Aliponiuliza unanisaidia nini, nilimjibu kwamba haunisaidii kitu, ila auache. Juzi nilirudi kutoka kunywa chai, nikaichomoa ili niende nayo mkutanoni, ikanyamaza. Nilisimama pale na waya mkononi nikiangalia mlangoni, mwanamke mzima mwenye miwani na watu anaowasimamia. Nikamwita yule kijana, akaurudisha mlio mbele ya macho yangu, na hakuna aliyethubutu kucheka.

Sikumweleza sababu. Ningeanza kuieleza ningelazimika kueleza na nyumba niliyozaliwa, na nimechoka kuielezea kwa watu wanaoinamisha vichwa kunionea huruma. Nitaielezea hapa, kwa wenzangu wa rika langu, waliokua wakati simu zikichajiwa dukani na mtu akitaka kopi ya cheti anasafiri. Huruma zenu kaeni nazo.

Mama yangu aliolewa na mwanamke. Kwetu Wakurya jambo hilo lina jina, nyumba ntobhu, na lina taratibu zake za tangu zamani. Bibi Bhoke aliolewa, hakujaliwa mtoto, kisha mumewe akafariki. Ili nyumba yake isife, alitoa ng'ombe kwa wazazi wa mama yangu kama mwanamume yeyote anavyotoa, akamleta mama nyumbani kwake Nyanungu, na mama akanizaa mimi. Aliyempa mama mimba simjui na sijawahi kumtafuta. Mimi nilimwita Bhoke bibi, mama alimwita mama, na mbele ya ukoo yeye ndiye aliyekuwa mwenye mji. Shuleni watoto walinicheka kwamba baba yangu anavaa kitenge. Niliwajibu kwamba baba zao wanavaa suruali na hata yunifomu hawajawashonea. Nilipigwa kwa jibu hilo, na kesho yake nikalirudia.

Mama alikuwa amemaliza kidato cha nne, akajifunza kuchapa katika chuo kidogo Tarime mjini kabla hajaletwa kwa bibi. Umeme ulipofika senta ya kwetu, alimwambia bibi kwamba watu wanapanda pikipiki hadi mjini kwa ajili ya kopi moja. Bibi hakujua kopi ni kitu gani, lakini alijua maana ya watu kwenda mbali kutafuta kitu. Akamuuza ng'ombe wake wa kijivu, yule aliyekuwa akiwaongoza wenzake malishoni, wakanunua printa na kompyuta ya kupakata iliyokwisha kutumika, nene, yenye pembe zilizochubuka. Nayo ilikuwa ya kijivu. Bibi akaipa jina la ng'ombe aliyeuzwa, na tangu siku hiyo nyumbani kwetu hakuna aliyesema kompyuta. Tulisema Kijivu. Kijivu amelala, Kijivu ameshiba, Kijivu leo ana joto, mpeni hewa.

Chumba cha mbele kinachotazama barabara ndicho kilikuwa steshenari yetu. Nikifumba macho bado nakinusa: wino wa printa, karatasi zilizopata moto, na maziwa ya mgando kwenye kibuyu ambacho bibi alikataa kukihamisha kwa sababu kilikuwa pale kabla ya umeme. Wateja walikuwa wakisubiri karatasi zao huku wanachungulia kibuyu, na bibi, kama amewapenda, aliwamiminia.

Macho yake yalikuwa yameingia ukungu. Aliona mwanga na vivuli vya watu, basi. Hakuweza tena kwenda na ng'ombe malishoni, kwa hiyo aliwakabidhi wale wachache waliobaki kwa jirani, yeye akahamishia ulinzi wake kwa Kijivu. Alikaa kwenye kigoda karibu na soketi tangu mama anafungua mpaka anafunga, fimbo mapajani. Betri ya Kijivu ilikuwa imechoka, kwa hiyo waya ulikuwa ukutani muda wote, na kila ulipochomolewa au kuchomekwa, Kijivu alilia "ti". Bibi aliuliza papo hapo ni nani. Mama alijibu ni mimi, nasogeza meza. Bibi alitikisa kichwa kwa kuridhika. Alikuwa akisema kwamba hata ng'ombe hazaliwi na kengele, lakini huyu alikuja na yake.

Aliyekulia kwingine hawezi kujua kengele ya ng'ombe ni kitu gani kwetu. Mwizi wa mifugo haanzi na ng'ombe, anaanza na kengele. Huijaza majani na udongo mbichi mpaka ulimi wake ushindwe kutikisika, ndipo humtoa mnyama zizini taratibu. Kwa hiyo wazee wa kwetu hawashtuliwi na kelele, wanashtuliwa na kimya. Hilo nililijua kabla sijajua kusoma. Na kwa akili yangu ya wakati ule niliamini kabisa kwamba ndani ya Kijivu imening'inia kengele ndogo ya chuma, na kwamba vile vitundu vya pembeni vimewekwa ili tuisikie vizuri.

Sasa kulikuwa na jambo la Issenye. Mkuu mmoja wa shule ya sekondari kutoka upande huo, wilaya ya Serengeti, alikuja Nyanungu kwenye msiba wa jamaa zake, akapita kwetu kuchapiwa barua. Alimtazama mama akichapa huku macho yake yako kwenye karatasi iliyoandikwa kwa mkono, vidole vinakwenda vyenyewe. Alipokuwa akiondoka alimwambia kwamba shuleni kwake wanatafuta mchapaji, na kuna nyumba ya mtumishi iko tupu. Siku nzima hiyo mama alikuwa akiimba kwa sauti ya chini.

Jioni, baada ya kula, alimweleza bibi. Bibi hakupandisha sauti. Alinawa mikono, akaikausha kwenye kitenge, akasema, "Wewe nenda. Mtoto na Kijivu wanabaki."

Hayakuwa maneno ya hasira, yalikuwa sheria. Kwa ng'ombe waliotolewa, mimi nilikuwa mtoto wa nyumba ya Bhoke. Mama angeweza kuondoka na mwili wake na nguo zake. Mimi nisingeweza kuondoka naye, na Kijivu aliyekuwa mkono wake wa kulia asingeondoka naye. Mama alikusanya vyombo, akaenda kuviosha. Hakuna aliyelitaja tena jambo lile, nami nikadhani limekwisha, kwa sababu mtoto huona lisilosemwa limekufa. Nilifurahi. Niliwataka wote wawili, na sikuona kwa nini nilazimishwe kuchagua. Sioni hata leo.

Siku ya mnada ndipo tulipogundua kwamba Kijivu amenyamaza. Senta ilikuwa imejaa watu na mbuzi, vumbi linaingia mpaka kwenye printa. Mama alikuwa ametoka kununua karatasi, mimi nafagia, ufagio ukaunasa waya na plagi ikaanguka sakafuni. Bibi aligeuza kichwa. Akasubiri. Kisha akaniuliza kama waya umetoka. Nikasema umetoka. Akasema nirudishe, nikarudisha. Akasema nitoe tena, nikatoa. Kioo kilikuwa kinawaka kama kawaida, maneno yanaonekana, lakini sauti hakuna.

Bibi akasimama na fimbo yake. "Wameziba kengele," akasema.

Nilipiga magoti, nikachomoa njiti ya ufagio, nikaanza kuchokonoa vile vitundu nikitafuta udongo. Nilipata vumbi, unywele mmoja na mguu wa mende. Nilimpa bibi ule uchafu kiganjani, akaunusa kwa makini, akasema si udongo wa hapa kwetu. Mama alirudi akatukuta hivyo. Alininyang'anya njiti, akauliza kuna nini, bibi akamweleza. Mama akasema hakuna cha wezi, Kijivu amezeeka, spika imekufa, aachwe. Aliyasema haraka, ametupa mgongo, huku akipanga karatasi ambazo zilikuwa zimekwisha kupangwa. Nikadhani naye anawaogopa wezi.

Bibi hakuacha. Alisema tutafuata unyayo.

Kwetu ng'ombe akiibwa, watu hupiga yowe, wakakusanyika, wakafuata unyayo wake ardhini. Unyayo ukiingia katika kijiji, wenye kijiji wanatakiwa kuonyesha ulipotokea. Wakiuonyesha, wamepona, na msafara unaendelea mbele. Wakishindwa, ng'ombe wanamlipa wao, hata kama hakuna aliyewaona naye. Bibi aliwahi kufuata unyayo akiwa msichana, akitembea na wanaume, na hakuona sababu ya kumfuata Kijivu kwa njia nyingine. Kila mkono uliomgusa ungetakiwa kuonyesha kwamba ulimwacha akilia. Yeye angekuwa kichwa, mimi ningekuwa macho. Mama alisema huo ni upuuzi, mashine si ng'ombe. Bibi akamuuliza kwani ilinunuliwa na nini.

Tulianzia pale ambapo mlio ulikuwa bado upo. Mara ya mwisho tuliyoikumbuka wote wawili ilikuwa siku mwalimu wa shule yetu ya msingi alipoleta mtihani uchapwe. Nilitumwa kumwita, akaja, akamwamkia bibi shikamoo, akakaa, akahojiwa kama mtu mwingine yeyote. Alisema anakumbuka, mama alichomoa waya kuhamisha meza, kitu kikalia, yeye akashtuka na chai ikamwagika. Bibi akasema unyayo umetoka kwake, aende salama. Mteja aliyemfuata alikuwa mama mmoja wa kadi za harusi, lakini huyo hakugusa chochote isipokuwa kibuyu. Baada ya huyo alikuwa Masunga.

Masunga alikuwa Msukuma kutoka Shinyanga. Alikuja kuchimba dhahabu upande wa Nyamongo, bahati ikamkataa, akahamia senta yetu kuendesha bodaboda, akapanga chumba nyuma ya kwetu. Alikuwa akija kuongezewa nyimbo kwenye kadi ya memori ya simu yake. Mara ya mwisho alipokuja, mama alimwacha na Kijivu peke yake akaenda bombani, bibi naye alikuwa anaumwa, amelala ndani. Tangu siku hiyo mimi na bibi hatukukumbuka kusikia mlio. Unyayo ulikuwa umeingia kwa Masunga, na hakuna mahali ulipotokea.

Nilijisikia mkubwa. Nilikuwa nimeufuata kwa haki, mtu baada ya mtu, na huko ndiko ulikoelekea. Habari zikatoka mlangoni kabla sijamaliza kuzisema, na kwa kuwa ilikuwa siku ya mnada, watu hawakukosekana. Mzee Mwita naye akaja. Huyu alikuwa mtoto wa ndugu wa marehemu mume wa bibi, na sote tulijua anaisubiri nyumba ile ife ili shamba lirudi kwake. Alisimama mlangoni na fimbo yake, wanaume wengine nyuma yake, akasema mbona jambo lenyewe liko wazi, huyu ni mtu wa machimboni, hana ukoo hapa, mnatafuta nani mwingine. Wanaume wakaitikia. Nilianza kuona kwamba mchezo wangu una meno.

Masunga alipofika akasikia, hakukimbia. Aliegesha pikipiki, akaingia, akachuchumaa mbele ya bibi akamwamkia. Kisha akasema, "Bibi, mimi ni mgeni, najua mgeni anavyotazamwa. Lakini kama nimeziba kengele, basi na wimbo usitoke. Niwekeeni wimbo."

Alinipa memori yake. Mama alisema apewe nafasi, atafanya yeye baadaye, wateja wanasubiri. Lakini mimi nilikuwa nimekwisha kuiweka. Wimbo ulitoka kwa nguvu ukajaa chumba, ngoma na gitaa, hata mbuzi wa nje waligeuka. Kwa hiyo hakukuwa na udongo. Koo la Kijivu lilikuwa zima kabisa, aliweza kuimba kama anavyotaka, ila waya ukichomoka ananyamaza.

"Mama," nikasema mbele ya watu wote, "si ulisema spika imekufa?"

Mama alinitazama. Miaka imepita na nimetazamwa na watu wengi kwa namna nyingi, lakini sijawahi kutazamwa hivyo tena. Kuna ndugu zetu ambao hadi leo hupenda kunikumbusha kwamba mimi ndiye niliyemfichua. Wanataka niinamishe kichwa. Nilikuwa mtoto aliyefundishwa kufuata unyayo na niliufuata, na kama kuna mtu wa kuinamisha kichwa, ni wale waliokuwa mlangoni na fimbo.

Masunga alisema anamjua fundi mmoja wa kompyuta aliyekuja kutoka Sirari, mpakani mwa Kenya, siku za mnada huwa anatengeneza simu karibu na mashine ya kusaga. Akaenda kumchukua. Alikuwa kijana mwembamba mwenye begi mgongoni, Kiswahili chake cha ng'ambo ya mpaka. Alifanya kazi yake bila kujali umati. Aliangalia sauti, ikawa juu. Alichomeka vipokea sauti vya masikioni, akavitoa. Akachomoa waya, akachomeka, akachomoa, sikio karibu na Kijivu. Kisha akamzima kabisa, akamwasha huku amebonyeza kitufe kimoja cha juu bila kukiachia. Badala ya picha tuliyoizoea, kikatokea kisanduku kidogo katikati ya giza.

"Huku ndio ndani kabisa," akasema. "Lakini inaitisha neno la siri. Nani ako nalo?"

Alimgeukia Masunga. Masunga akasema hata hajui kama kuna huko ndani. Mzee Mwita akasema anadanganya, abanwe. Wawili wakaingia chumbani. Masunga alisimama akasogea mpaka mgongo ukafika ukutani, na uso wake, aliyekuwa mtu wa kucheka kila saa, ukawa wa kijivujivu.

Hapo mama akaacha karatasi zake. Hakuna aliyemwita. Angeweza kunyamaza, Masunga angepigwa na kufukuzwa, na siku yoyote baadaye yeye angeondoka zake bila mtu kumshuku. Nimelifikiria sana jambo hilo kila ninapowasikia watu wakimwita mama yangu mwizi. Aliwapita wale wanaume, akafika mezani, akaandika lile neno bila kutazama vidole, kama alivyokuwa akichapa mitihani. Kisanduku kikafunguka. Kikaja kioo cheupe chenye mistari ya Kiingereza.

Fundi alishuka nayo mstari kwa mstari, akasimama kwenye mmoja. Ulihusu mlio wa waya wa umeme, na mbele yake kulikuwa na neno la kusema umezimwa. "Hii kitu haina shida," akasema. "Si vairasi, si spika. Ni mtu aliingia hapa akazima, akaseivu. Na huyo mtu hakubahatisha."

Bibi alikuwa bado amesimama. Alimuuliza fundi kama neno la siri linaweza kufahamika na mtu ambaye hakulitunga. Fundi akasema hapana. Wale wanaume wawili walirudi nyuma. Nje mnadani mtu alikuwa anataja bei ya beberu kwa sauti.

"Rhobi," bibi akamwambia mama. "Unyayo umeingia kwako. Uonyeshe ulipotokea."

"Haukutoka, mama," mama akasema. "Umeishia hapa. Kengele nimeiziba mimi. Nilikuwa naondoka, mimi na Kijivu na Ghati, na nilitaka nisisikike."

Ghati ni mimi. Nilisikia jina langu limewekwa kwenye orodha ya vitu vya kuibwa na sikuogopa hata kidogo. Nilichojisikia ni joto, kama mtu aliyefunikwa blanketi. Mama yangu alikuwa tayari kuniiba.

Mzee Mwita aligonga fimbo sakafuni. Alisema sasa limekwisha, mwanamke huyu arudishwe kwao, baba yake atoe ng'ombe, na mtoto atakaa kwake yeye Mwita kuanzia leo kwa sababu ni mtoto wa ukoo. Akanishika mkono juu ya kiwiko. Alinishika kwa nguvu, nikatoa sauti.

Bibi alisogea kuelekea ile sauti mpaka fimbo yake ikagusa kiatu cha Mwita. "Umeshika nini?" akamuuliza.

"Nimeshika mtoto wa ukoo, mama."

"Mwachie. Ng'ombe waliomleta Rhobi walizaliwa zizini kwangu, niliwakamua mimi, niliwaamkia mimi usiku kwenye mvua. Siku utakayotoa hata ndama ndipo uje na maneno."

Mwita akaniachia. Alisema atalipeleka jambo hili kwa wazee, na bibi akamwambia awapelekee na salamu zake. Waliondoka yeye na watu wake, umati ukalegea, fundi akabaki kwa sababu hajalipwa. Bibi alimwambia Masunga akae, nikaambiwa nimmiminie maziwa, kikombe kikubwa, nisubiri amalize nimwongeze. Kwetu anayesingiziwa unyayo haachwi aende na njaa. Ukoo wa Mwita hautualiki harusini mpaka leo. Tunaoa na kuolewa vizuri tu bila wao.

Kisha neno likabaki kati yao wawili, mama mezani na bibi katikati ya chumba, wote wamesimama.

"Ungeniambia," bibi akasema.

"Nilikuambia. Ukasema niende peke yangu." Sauti ya mama ilikuwa imepanda, na sijawahi kuisikia imepanda kwa bibi kabla ya hapo. "Ng'ombe ukimwondolea ndama hakupi maziwa, unalijua hilo kuliko mimi. Ningekwenda Issenye kufanya nini bila mtoto? Na nikikaa hapa, utakapokufa wewe, Mwita ataingia mlangoni kabla hujazikwa. Umemwona leo. Siombi msamaha, mama. Nilikosea kukwepa tu. Sitakwepa tena."

Akainama kwa Kijivu. Aliurudisha ule mstari kama ulivyokuwa, akahifadhi, akamsubiri aamke. Kijivu aliamka polepole kama kawaida yake. Mama akachomoa waya, na mlio ukatoka, "ti", bibi akausikia, fundi na Masunga wakausikia. Mama akauzungusha waya mkononi taratibu, akauweka juu ya meza, akasema ataondoka Jumatatu, mchana, na kila mtu anasikia, na mtoto wake atakuwa amemshika mkono.

Bibi alitafuta kigoda kwa fimbo, akakaa. Alipangusa macho yake kwa ncha ya kitenge, jambo alilokuwa akilifanya kila siku kwa sababu ya ule ukungu, kwa hiyo sikuweza kujua kama analia. Nilisimama na kibuyu mkononi, nikijua kwamba kama atasema hapana, mama ataondoka vilevile na mimi nitaondoka naye, na nitakuwa nimepoteza nusu ya watu wangu. Niliapa moyoni kwamba nitamvuta bibi kwa mkono ikibidi.

Bibi akamgeukia mama, pale alipokisia kuwa amesimama.

"Huko Issenye," akauliza, "majani ya ng'ombe wangu yapo?"

Mama alishika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili. Masunga aliacha kunywa. Nikaona kwamba hakuna atakayejibu, basi nikajibu mimi, ambaye nilikuwa sijawahi kuvuka hata mto wa kwetu. Nilimwambia bibi kwamba yapo, yamejaa mpaka barabarani, na yote ni mabichi.